Mchawi wa Oz: kitabu au filamu ya 1939?

Mtoto anayejisomea mwenyewe aanze na kitabu cha L. Frank Baum cha 1900. Humo Oz ni nchi ya kweli. Filamu imeigeuza ndoto, na hapo ndipo inapopoteza uzito.

Tazama kifo cha mchawi mbaya. Kitabuni ameiba kiatu kimoja cha Dorothy, msichana mhusika mkuu, na Dorothy kwa hasira anammwagia ndoo ya maji. Kwenye filamu Dorothy anazima moto uliomshika rafiki yake, maji yanampata mchawi kwa bahati tu. Viatu vya Dorothy, vya fedha kitabuni, navyo vikawa vyekundu kwenye filamu, ving'ae kwenye rangi za Technicolor, mbinu ya kutengeneza filamu za rangi. Jukwaani, The Wiz ya 1975, mchezo wa muziki wa hadithi hiyohiyo, ilirudisha vya fedha.

Kwa mdogo mwoga, tangulieni kuipitia sura ya 12: mbwamwitu 40 wanakatwa vichwa. Filamuni hawamo.