Injini ya kufunga kwenye baiskeli, ile wanayoiita 80cc: miezi 7 nikiwa nayo Ifakara

Wakuu hii injini nimekaa nayo miezi 7 sasa na kila siku nasimamishwa njiani naulizwa kama inafaa, inauzwaje, haisumbui, kwa hiyo acha niandike yote mara moja. Kwa kifupi injini yenyewe ni nzuri kuliko nilivyotegemea, ila vikorokoro vilivyokuja nayo, yaani bolti, nati, cheni na kile kigurudumu cha kukazia cheni, usiviamini hata siku moja, tenga kabisa hela ya kuvibadilisha kabla hujawasha.

Mimi shamba langu la mpunga liko ng'ambo ya mto Kilombero, kwenda na kurudi ni kilomita kama 36. Huku kwetu tambarare tupu kila nyumba ina baiskeli, ila 36 za kukanyaga na jua lile halafu ufike ushike jembe, aisee unafika umeshaisha. Bodaboda kila siku siwezi, pikipiki mpya ndio kabisa. Nikaagiza seti nzima ya China kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, mpaka inanifikia ilikuwa laki 4 na 20. Ndani ya boksi kuna injini, kabureta, tenki dogo la lita 2 hivi, CDI (kile kiboksi cha kutoa moto wa plagi), egzosi, sproketi ya nyuma (duara la meno linalovutwa na cheni) meno 44, cheni ya saizi 415, leva ya klachi yenye kitufe cha kuilock, na mkono wa mafuta. Karatasi ya maelekezo ipo ila haieleweki, weka pembeni.

Kwanza hili la 80cc. Fundi wangu, mzee mmoja, alifungua kichwa kabla hata ya kuifunga, akapima kwa kipimo cha vernia, tundu la silinda ni 47mm na mwendo wa pistoni ni 38mm. Piga hesabu mwenyewe inatoka cc 66. Hakuna 80 hapo. Nguvu inatosha sana kwa baiskeli, sibishi, lakini mtu akikuuzia 66 kwa jina la 80 amekudanganya, na mimi nimeumia kwa sababu nilimuuliza muuzaji kabla ya kulipa na akanihakikishia. Ukikuta tangazo linasema 80cc halafu vipimo ni 47 kwa 38 jua ni hii hii.

Nilitaka kuifunga kwenye baiskeli yangu ya Phoenix, mzee akakataa. Alizungusha gurudumu la nyuma akahesabu spoku, zipo 40, akaniambia mdogo wangu hii sproketi imetengenezwa kwa ringi ya spoku 36, ina bolti 9 na kila bolti inakaa kwenye nafasi yake katikati ya spoku, kwenye 40 itakaa upande upande na spoku zitakatika moja moja mpaka ziishe. Halafu zile breki za fito, fito yenyewe inapita pale pale injini inapotakiwa kukaa. "Hii Phoenix iache kama ilivyo, itakuzika." Nikamsikiliza, nikatafuta baiskeli ya mtumba ya gia, ringi 26, fremu ya chuma, 150,000. Hapa nasisitiza fremu ya CHUMA, na bomba la mbele liwe jembamba la kuingia vishikio vya injini, ukinunua fremu nene utaambiwa utoboe bomba upitishe bolti na fremu iliyotobolewa na inatikisika kutwa nzima mimi nisingepanda.

Kufunga sproketi ya nyuma ndio kazi yote ilipo, mengine madogo. Inabanwa kwenye spoku, mpira mmoja ndani mwingine nje, na kama haipo katikati sawasawa basi cheni inalegea na kukaza kila mzunguko mpaka inaruka. Mzee alichukua kipande cha waya wa kufungia nondo akakifunga kwenye fremu, ncha inaelekea kwenye meno ya sproketi, akazungusha gurudumu taratibu. Pale ncha inapogusa analegeza bolti mbili anagonga kidogo na mpini wa nyundo, anakaza, anazungusha tena. Alifanya hivyo karibu masaa 3, mimi nimekaa kwenye benchi naona kama anapoteza muda, mpaka mwisho gurudumu likawa linazunguka na ile ncha inabaki na upenyo ule ule mwembamba mzunguko mzima. Miezi 7 cheni haijaruka hata mara moja upande wa sproketi. Nilimlipa 60,000 na kwa kazi ile naona nilimpunja.

Ila kuna jambo hata yeye lilimpita. Wiki ya pili narudi kutoka shamba, sijafika darajani, mwendo kama 30, nikasikia kishindo nyuma na gurudumu likagoma hapo hapo. Kile kigurudumu cha kukazia cheni kilikuwa kimelegea kwenye bomba la fremu, kikajizungusha na kuingia ndani ya spoku. Spoku 5 zimekatika, ringi imepinda, mimi niko chini kiwiko kimechunika. Namshukuru Mungu nyuma yangu hakukuwa na lori. Huo ndio ubaya mkubwa wa seti hizi na sio ya kwangu tu, kishikio chake ni bati na bolti mbili, mtikisiko wa injini unavilegeza polepole na wewe huoni. Mzee alinyoosha kile kishikio kikae mstari mmoja na cheni, halafu akachomelea kipande cha bapa kinachokizuia kisizunguke hata bolti ikilegea. Tangu hapo kimetulia. Nawaomba sana jamani, msipande kabla hamjafanya hilo.

Bolti za kwenye boksi ni laini kama sabuni. Studi ya egzosi ilikatika naikaza kwa mkono tu na spana ndogo. Nenda duka la spea za pikipiki nunua bolti ngumu na nati zile zenye nailoni ndani, badilisha zote. Plagi niliweka NGK B6HS na asubuhi inawaka kwa kukanyaga hatua chache, ile iliyokuja nayo ilikuwa inanitoa jasho. Kwenye nyaya, bluu na bluu, nyeusi na nyeusi, ule mweupe funga seleteipu uache, usitake kuungia taa. Na ukifungua kifuniko cha upande wa kushoto chenye mkono wa klachi angalia kuna goroli moja ndogo ndani, ikidondoka kwenye mchanga klachi huna.

Mafuta sasa, maana hapa wengi wanaua injini. Hii haina oili yake pembeni, oili inachanganywa kwenye petroli, ile ya 2T (ya injini za kuchanganya), USIWEKE oili ya gari. Mimi nilinunua sirinji ya 20ml famasi, mwanzoni kwa kila lita 1 ya petroli niliweka sirinji 3 zimejaa na kidogo, hiyo ni kama 1 kwa 16, mpaka zilipoisha lita 4. Sasa hivi naweka sirinji 2, yaani 40ml, 1 kwa 25. Kipindi kile cha kuizoesha niliendesha taratibu, nikienda nusu saa nasimama chini ya mwembe ipoe. Moshi upo, makelele yapo, na kwenye usukani mkono unakufa ganzi ukikaa nao saa nzima. Lita 1 inanipeleka kilomita kama 40, kwa hiyo shamba kwenda na kurudi haimalizi lita. Mwendo inafika 40 barabara nzuri, mimi naiachia 30 basi.

Kuna jamaa hapa wanacheka wanasema huo ni uchafu wa mafundi wa mtaani. Soichiro Honda mwenyewe mwaka 1946 kule Hamamatsu alianza kwa kufunga kwenye baiskeli vijiinjini vya jenereta za redio za jeshi vilivyobaki vitani, na tenki la kwanza inasemekana lilikuwa chupa ya maji moto ya kupashia kitanda. Hii kazi ina heshima yake, na mzee wangu pale chini ya turubai anaijua.

Breki ndizo zinazonipa wasiwasi mpaka leo. Baiskeli ilitengenezwa kwa mwendo wa miguu, mpira wa breki unaisha haraka sana, mimi nimebadilisha mara 3, na mvua ikinyesha inateleza tu. Abiria sibebi. Mpunga nimejaribu kubeba debe 2 nyuma inavuta bila shida ila kusimama ndio kazi, sirudii tena. Masika kwenye ule udongo mweusi usiitoe kabisa, tope linajaa kwenye cheni ya injini upande wa kushoto na inazima.

Jumla nimetumia seti 420,000, baiskeli 150,000, fundi 60,000, bolti, plagi, spoku na ringi 85,000, inakuja 715,000. Cheni ya 415 iliyokuja nayo imeshavutika, jumamosi naipeleka kwa mzee tuweke mpya, na nimemwambia atafute gurudumu la mbele lenye breki ya drum, akilipata nitarudi kuwaambia inakamata vipi.