Msingi mpana wa zege kwa mitambo ya upepo: unavyodumu kwenye udongo wa mfinyanzi

Kwenye mfinyanzi mgumu, msingi huu unastahili kupewa nafasi ya kwanza, mradi mnara ufungwe kwa kizimba cha bolti (bolti ndefu zilizopangwa duara na kupita ndani ya zege) na si kwa pete ya chuma iliyozikwa ndani ya zege. Mtambo wa megawati 2 au 3 huhitaji msingi wa kipenyo cha mita 16 hadi 20, zege mita za ujazo 300 hadi 500.

Pete ni rahisi kufunga, lakini haizeeki vizuri. Upepo huitikisa mamilioni ya mara, na ukingo wake wa chini husaga zege inayouzunguka. Ufa hufunguka, maji ya mvua huingia, kisha kila mtikisiko huyarusha juu yakiwa na unga wa saruji. Ukiona tope jeupe kando ya pete, usizibe juu tu. Zege ya chini imeshalika. Bolti ndefu za kizimba, zikikazwa ipasavyo, huiacha zege ikiwa imebanwa muda wote. Gharama yake ni ukaguzi: kukaza upya baada ya miezi michache ya kazi, kisha kupima sampuli ya bolti kila mwaka.

Mengi huharibika kabla zege haijamwagwa. Sakafu ya mfinyanzi ikinyeshewa usiku mmoja hulainika, kwa hiyo sentimita 20 za mwisho zichimbwe siku ileile ya kumwaga zege nyembamba ya kusawazisha. Udongo wa kufukia nao ni sehemu ya uzito unaozuia mnara kupinduka: ushindiliwe tabaka kwa tabaka, na maji ya mvua yaelekezwe mbali yasiuchimbe.

Watengenezaji wengi huruhusu msingi kuinama milimita 3 kwa kila mita. Pima pointi 4 za ukingo mara mnara unaposimama, na uendelee kwa miaka, maana mfinyanzi hutoa maji yake polepole na vipimo vya mwezi wa kwanza hudanganya. Ukingo ukiinuka katika upepo wa kawaida, udongo wa chini hupondwa na maji, msingi hulegea, na mnara huanza kutikisika kwa mwendo unaokaribia ule wa mapanga yanayozunguka, hata mitikisiko ikuzane.

Kwenye mfinyanzi laini, wenye ukinzani wa kukatika chini ya kilopaskali 40, msingi huu hatuupendekezi. Hapo weka nguzo zinazofika tabaka gumu.