Saa Moja na Nusu Upper Hill, kwa Ajili ya Fleti ya Leeds

Kitinda mimba wangu ni nesi Leeds, mwaka wa tano sasa. Alipopata fleti ya vyumba viwili kwa pauni 190,000 alinipigia simu: "Mama, benki imekubali mkopo, lakini arubuni inanipungukia." Nikamwambia nitampa pauni 10,000, ila jina langu liandikwe kwenye hati pamoja na lake. Niliona ni haki kabisa. Pesa yenyewe ni ploti yangu ya Kitengela na zamu yangu ya chama, kikundi tunachochanga pesa kisha kila mmoja hupokea kwa zamu, na sisi tuliokulia Nairobi tumewaona wangapi waliochangia ardhi bila jina, wakabaki na hadithi tu?

Kabla sijatuma, mwenzangu wa chama alinielekeza kwa wakili mmoja Upper Hill aliyewahi kufanya kazi ya mauzo ya nyumba Uingereza na sasa huwashauri wazazi kama sisi. Nililipa shilingi 12,000 kwa saa moja na nusu, na kupigiwa muhuri nakala za kitambulisho na pasipoti kwa ada hiyohiyo. Ninawaandikia wazazi wenzangu kwa sababu mwenyewe nilikuwa karibu kufanya kosa kubwa.

Swali lake la kwanza halikuhusu pesa. "Mama, nyumba unayokaa ni ya nani?" Nikamjibu ni yangu, Buruburu. Akavuta karatasi tupu, akachora mstari katikati. Upande mmoja akaandika jina la binti peke yake: ushuru wa stempu, sufuri. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025, anayenunua nyumba ya kwanza maishani halipi kitu kwenye pauni 300,000 za mwanzo, mradi bei haizidi 500,000. Upande wa pili akaandika majina yetu mawili. Msamaha ule unakufa palepale na ushuru wa kawaida unarudi, kwa kuwa lazima wanunuzi wote wawe wa mara ya kwanza. Kisha inaongezwa asilimia 5 ya bei yote kwa sababu nina nyumba nyingine, na haijalishi kwamba iko Nairobi. Kisha asilimia 2 tena, kwa sababu siishi huko. Akajumlisha: pauni 14,600. Akaigeuzia karatasi kwangu bila kusema neno. Ningempa mtoto pauni 10,000 kwa mkono mmoja, na kwa mwingine nimtwike deni la ushuru linalozidi zawadi yenyewe.

Akauliza tena kama binti ana nyumba yoyote kwa jina lake huku Kenya, hata ya urithi, maana hiyo nayo ingemwondolea msamaha. Nilishukuru kwamba baba yao alipofariki, nyumba ya Machakos tuliiandikisha kwa jina langu.

Pagumu palikuwa kwenye barua ya zawadi. Mkopeshaji wa kule huitaka, na wakili aliisoma nami sentensi moja moja. Ilipofika mahali pa kukiri kwamba pesa si mkopo na kwamba sitadai haki yoyote katika nyumba hiyo, niliweka kalamu chini. Ploti ile niliilipia kidogo kidogo kwa miaka tisa. Nikamuuliza: na akiolewa, wakakosana? Hakunikimbiza. Alinieleza kwamba kule watu wawili wanaweza kumiliki kwa njia mbili. Kwa ile ya kwanza, mmoja akifa, yote humwendea aliyebaki. Kwa ile ya pili kila mmoja ana fungu lake linalojulikana, na anaweza kulirithisha amtakaye. Basi siku binti akitaka kumwingiza mume, achague ya pili na wakili wao aandike nani ametoa kiasi gani. Lakini kuhusu mimi alisema wazi: "Mama, ukitia sahihi hapa halafu mpatane kando akurudishie, mtakuwa mmemdanganya mkopeshaji." Nilikaa kimya kidogo, nikatia sahihi. Nilitia kwa hiari, nikijua ninachotoa.

Hoja ya chama ndiyo iliyomfanya astahili kila shilingi. Mawakili wa Uingereza wanalazimika kujua pesa imetoka wapi, na tangu Kenya iingizwe kwenye orodha ya kijivu ya FATF, shirika la kimataifa la kupambana na pesa haramu, Februari 2024, pesa za kwetu huchunguzwa zaidi. Wakili wa binti aliona kwenye stetimenti yangu shilingi 300,000 zimeingia siku moja kupitia M-Pesa kutoka kwa watu kumi na wawili, akasimamisha kila kitu. Angejuaje maana ya zamu? Wakili wa Upper Hill akaandika barua ya ukurasa mmoja akieleza chama kinavyozunguka, tukaambatanisha ukurasa wa daftari letu na sahihi ya mwenyekiti wetu na mweka hazina, pamoja na mkataba wa ploti. Wiki iliyofuata tulikubaliwa.

Alitusaidia pia kwenye lisi. Fleti nyingi za kule humilikiwa kwa muda, na hii ilibakiwa na miaka 84. Akamwambia binti amwombe wakili wake gharama ya kuongeza muda kabla ya kufunga mkataba, kwani ikishuka chini ya 80 bei ya kuongeza hupanda. Sheria ya 2024 imekusudia kuondoa jambo hilo, lakini tulipozungumza kipengele hicho kilikuwa hakijaanza kutumika. Habari njema ni kwamba tangu 31 Januari 2025 mwenye fleti hahitaji kungoja miaka miwili ndipo aombe. Na akamkanya asimpe mwenye nyumba wake notisi ya kuhama kwa sababu tu dalali amesema "nyumba ni yako". Kule hakuna anayefungwa hadi muuzaji na mnunuzi wabadilishane mikataba yenye sahihi. Mpaka hapo muuzaji anaweza kumpokea mwenye bei ya juu.

Kasoro zipo. Nilisubiri dakika arobaini na miadi ninayo. Na kwenye simu hakuna aliyeniambia nije na hati asilia. Nilifika na fotokopi, na muhuri haugongwi bila kulinganisha nakala na hati yenyewe, ikabidi nirudi kesho yake kutoka Buruburu, mvua inanyesha. Mjue pia kwamba yeye ni mshauri tu. Kazi ya mauzo lazima ifanywe na wakili wa kule, na alilisema hilo mwanzo kabisa, kabla sijalipa.

Alituonya pia kwamba barua pepe ikija kusema akaunti ya wakili imebadilika, binti asitume hata senti kabla hajapiga simu kwa namba aliyopewa tangu mwanzo. Alipiga, akathibitisha, ndipo akatuma.

Alhamisi hii ninampeleka mwenzangu wa chama ambaye mwanawe ananunua Birmingham. Nimeshamwambia abebe kitambulisho chenyewe, pasipoti yenyewe, na daftari la chama.