Pi-hole naipendea majina

Wengi huisifu Pi-hole, programu ya DNS (huduma inayogeuza majina ya mtandao kuwa anwani za namba), kwa kuzuia matangazo. Mimi naipa nyota tano kwa kazi nyingine: majina ya mtandao wa ndani. Seva yetu ya picha za familia iko 192.168.1.20, namba ambayo mama watoto hakuwa na sababu ya kuikariri. Sasa anaandika picha.home.arpa, na kile kikompyuta cha Raspberry Pi juu ya kabati, kinachoendesha Pi-hole, kinajibu papo hapo, hata intaneti ikikatika. Unajaza jina na anwani kwenye Pi-hole, basi. (Msitumie .local, ni ya mDNS, mfumo wa vifaa kutafutana vyenyewe kwenye mtandao wa ndani; home.arpa ilitengwa rasmi 2018 kwa mitandao ya nyumbani.)

Angalizo: ruta igawe DNS ya Pi-hole peke yake. Ukiongeza DNS ya pili ya nje, ambayo haiyajui majina yako ya ndani, jina litafunguka leo, kesho ligome.