Soko la pamoja au mzigo unaosafiri?

Anayebuni mchezo wa kompyuta wa mkakati kuhusu kahawa ya Kilimanjaro, akianzia mwaka 1933 ushirika wa wakulima wa kahawa, KNCU, ulipoundwa hapa Moshi, ana njia mbili za kuigiza biashara. Ya kwanza humwaga bidhaa zote katika soko moja na kupanga bei kwa ugavi na mahitaji. Ni nyepesi kwa kompyuta, lakini umbali haugharimu chochote. Ya pili huufuata mzigo wenyewe: matunda mekundu humenywa, buni huchachushwa, huoshwa na kuanikwa, kisha magunia hushuka hadi kwenye reli ya Tanga, na mvua ikikata njia, bei ya kijijini huanguka. Mahesabu yake ni mazito, naam, ila kwa kahawa ningeichagua hii. Bidhaa nyingine za mchezo, kama chumvi na vitambaa, ningeziachia soko la pamoja.