SWASH: nyota nne, na sababu ya kuinyima ya tano

Nimefanya kazi na SWASH, programu ya kompyuta inayoiga mawimbi yanavyoingia pwani, miezi minane. Naipa nyota nne kati ya tano. Sababu ya kuinyima ya tano ni moja tu, na anayechora ukuta wa bahari wa kusimama wima naomba aisome kabla hajamwaga zege.

Ofisi yetu iko Ngara, Nairobi, lakini mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, na mjomba wangu bado ni mvuvi. Swali ni lake: mbona upepo wa kusi ukikutana na bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpevu na mwandamo, maji huruka ukuta wa diko lao, pale wanapoegesha vyombo, na kuondoka na nyavu, na siku nyingine wimbi kubwa zaidi linafia mwambani?

Maji yakipwa, mwamba hulivunja wimbi mbali. Lakini bamvua la Mombasa hupanda zaidi ya mita 3, na yakijaa hivyo wimbi lile lile hupita juu ya mwamba na nguvu zake karibu zote. Hapa SWASH haina mfano kwa bei yake, kwa maana ni ya bure. Imetoka Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi. Unaipa umbo la sakafu ya bahari na mawimbi ya huko nje; inayaleta moja moja, yanavunjika, maji yanarundikana nyuma ya mwamba. Nilimtumia mjomba mchoro kwa simu. "Ehe," akasema, "hapo ndipo maji yanapofura."

Usitafute vitufe. Maagizo yote unayaandika kwenye faili la maandishi matupu, na kina huhesabiwa chanya kwenda chini. Mimi nilisahau alama ya kutoa kwenye kimo cha ukuta. Siku mbili nzima ukuta wangu ulikuwa shimo linalomeza mawimbi, na programu haikutoa onyo lolote. Chora sakafu yako kwanza, uitazame kwa macho.

Sasa ile nyota. SWASH huweka uso mmoja tu wa maji juu ya kila nukta ya sakafu. Wimbi linalopasukia ukutani haliko hivyo. Tulilithibitisha wenyewe: fundi mmoja wa Kariobangi alituundia tangi la akriliki, plastiki angavu kama kioo, la mita 6, upana sentimita 30, tukafanya kipimo cha 1 kwa 20, hata wimbi la mita 1.5 likawa la sentimita 7.5. Maji tuliyatia rangi nyekundu ya keki. Mawimbi mengi yalipanda ukutani na kushuka kwa upole. Kisha likaja moja refu: ukachomoka ulimi mwembamba kama karatasi, ukasimama, ukachanika juu, na matone yakaanguka nyuma ya ukuta, ndani ya karai tulilokuwa tukilipima kwa mizani ya jikoni. Ulimi ule hauwezi kutokea ndani ya SWASH. Baharini kuna na upepo wa kuusukuma nchi kavu.

Tangi nalo lina mipaka. Maji yanayovuka kila sekunde kwa kila mita ya ukuta, ukiyarudisha kwenye ukubwa halisi, unazidisha mara 89, kwa hiyo kosa dogo la mizani linakua. Na matone madogo hushikamana kuliko ya baharini.

Kwa hiyo SWASH naitumia hadi mguuni mwa ukuta, naisimamisha hapo, kisha nashika kanuni za EurOtop ya 2018, mwongozo wa Ulaya wa kukadiria maji yanayoruka kuta za bahari, ambao pia ni wa bure na umejengwa juu ya majaribio ya maabara. Chukua ukuta wima wenye maji ya mita 5 mguuni, mawimbi ya mita 1.5 yanayofuatana kila sekunde 6, na ukuta ukiyazidi maji kwa mita 1.5. Kwa wastani zinavuka lita 18 hivi kila sekunde kwa kila mita ya ukuta. Uinue nusu mita tu, zinabaki 7.

Nilimpigia mjomba kumwambia nusu mita. "Hiyo ni dhiraa moja," akasema. Kesho yake alikuwa ameshaulizia bei ya mawe.