Malengelenge ya mdomoni: krimu au vidonge vya asaiklovia?

Hakuna kati ya dawa hizi mbili inayokimaliza kirusi, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya kulipa. Kirusi hicho, HSV-1, huingia kupitia midomo, mara nyingi utotoni, hupanda kwenye neva ya hisia za uso hadi fundo lake ndani ya fuvu, na kulala humo maisha yote. Jua kali, homa au uchovu hukiamsha hata kwa mwenye afya njema. Asaiklovia hukizuia kinapozaliana tu. Kikiwa kimelala, haikigusi.

Zote mbili huanzwa mdomo unapowasha. Ukingoja lengelenge lipasuke, umechelewa.

Krimu ya asilimia 5 hupakwa mara 5 kwa siku, siku 4 hadi 5. Tyubu moja huweza kutosha zaidi ya mara moja, lakini nafuu ni ndogo: hupunguza nusu siku hivi. Vidonge vya miligramu 400, mara 5 kwa siku kwa siku 5, ni vidonge 25 kila unapotokwa na malengelenge. Hufanya kazi vizuri zaidi, ila mwenye figo dhaifu lazima apunguziwe dozi.

Anayetokwa mara moja kwa mwaka, krimu yamtosha. Anayetokwa mara 6 au zaidi amwulize daktari kuhusu miligramu 400 mara mbili kila siku. Kinga hiyo krimu haiwezi kuitoa.